Likoni, Kisauni, Changamwe: Mahubiri ni yaleyale, mbona majibu hutofautiana?

JUMAPILI asubuhi, Machi 23, 2014, waumini wa kanisa la Joy in Jesus huko Likoni walikuwa katika ibada wakati watu waliojihami kwa bunduki walipowavamia na kuwamiminia risasi. Watu sita walipoteza maisha. Mtoto wa takriban mwaka mmoja na nusu alinusurika, lakini mamake aliuawa, na risasi iliyokwama kichwani mwa mtoto huyo ilitolewa baadaye na madaktari jijini Nairobi.

Miaka tisa baadaye, Aprili 2023, maafisa wa usalama walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini. Wengi wa marehemu hao, kwa mujibu wa upande wa mashtaka, walikufa njaa kwa sababu waliamini kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie na washirika wake walikana mashtaka walipofikishwa katika mahakama kadhaa za Pwani mwaka 2024, mojawapo ikiwa ile ya Shanzu, iliyo ndani ya eneo bunge la Kisauni.

Kwa mtazamo wa haraka, matukio hayo mawili ni kinyume kabisa. Likoni watu waliuawa na wasiotaka mahubiri yasikike. Shakahola watu walikufa kwa kuyatii bila kuuliza swali. Hata hivyo, ukiyatazama kwa makini utaona kwamba yana jambo moja la pamoja: katika yote mawili, mtu wa kawaida alinyang'anywa nafasi ya kusikiliza, kupima, kisha kukubali au kukataa na kurudi nyumbani salama.

Nafasi hiyo ndiyo iliyowawezesha wakazi wa ng'ambo za kisiwa cha Mombasa kuishi pamoja kwa muda mrefu. Nao si wachache. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Kati yao, 154,171 pekee waliishi Mvita, yaani kisiwani. Wengine, zaidi ya milioni moja, walikuwa ng'ambo: Likoni upande wa kusini, Kisauni na Nyali upande wa kaskazini, Changamwe na Jomvu upande wa magharibi.

Katika mitaa hiyo mhubiri wa Kikristo husimama stendi ya matatu, sokoni au uwanjani na kuzungumza na watu mia moja kwa wakati mmoja. Mmoja hutokwa na machozi. Wa pili hucheka. Wa tatu hukasirika. Wa nne husikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda zake. Ni kwa nini neno moja lizae majibu mengi hivyo?

UDONGO WENYE HISTORIA

Mkristo atajibu haraka kwa mfano wa mpanzi: mbegu ni moja, ila udongo hutofautiana. Kwa kawaida udongo huo hufasiriwa kuwa ni hali ya moyo wa msikilizaji. Ng'ambo za Mombasa, hata hivyo, udongo una historia, na historia hiyo imebaki hata katika majina ya mitaa.

Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na shirika la CMS la Kanisa la Anglikana, aliwasili Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya kumtambulisha kutoka kwa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar. Mtawala Mwislamu ndiye aliyemfungulia mlango. Mwaka huohuo mkewe Rosine na binti yao mchanga walifariki, wakazikwa ng'ambo, upande wa kaskazini wa kisiwa. Mwaka 1846, Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo Rabai.

Rebmann alidumu Pwani kwa miaka 29. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa amepofuka macho, na waliobatizwa kwa kazi yake walikuwa wachache mno. Wamijikenda hawakumfukuza, wala hawakumfuata. Walimpokea kama mgeni, wakamsikiliza, na wengi wao wakaendelea na kaya na mila za wazee wao. Hilo nalo lilikuwa jibu, ingawa mara nyingi halihesabiwi.

Mwaka huohuo wa 1875 mambo yalichukua sura nyingine Kisauni. CMS ilianzisha Freretown, kijiji cha watumwa waliookolewa na meli za kivita za Uingereza kutoka katika majahazi ya wafanyabiashara ya watumwa. Kwa watu hao mahubiri hayakuja kama maneno matupu. Yalikuja pamoja na paa, kipande cha shamba, shule, na hakikisho kwamba hawangeuzwa tena. Kanisa likajaa. Kengele ambayo, kwa mujibu wa masimulizi, ilipigwa kuwatahadharisha wakazi dhidi ya wavamizi ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake.

Kwa mabwana waliomiliki watumwa, mahubiri yaleyale yalisikika kama wizi wa mali. Watoro walikimbilia vituo vya misheni, hususan Rabai, na katika miaka ya 1880 vitisho vya kuvishambulia vituo hivyo vilikuwa vya kawaida. Mzozo huo ulitulizwa Januari 1, 1889, watoro zaidi ya 1,400 walipopewa hati za uhuru baada ya kampuni ya IBEA kukubali kuwafidia mabwana zao. Aliyekimbia na aliyekimbiwa walikuwa wamesikia Injili moja. Kilichowatofautisha ni kile ambacho kila mmoja angepata au kupoteza.

Hata ndani ya Freretown kukubali hakukuwa kunyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 kulikuwa na malalamiko makubwa kuhusu viboko walivyochapwa wakazi kwa amri ya msimamizi Mzungu. Waafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, walikuwa miongoni mwa viongozi wa jamii hiyo, na wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi mwaka 1885. Watu walikuwa wamelipokea neno lakini wakakataa kiboko cha aliyelileta. Ikumbukwe kwamba huo ni ukomavu wa imani, si upungufu wake.

Kisiwani nako kulikuwa na mapokezi ya aina nyingine. William Taylor, mmishonari wa CMS aliyekijua Kiswahili kwa kina, alihubiri hadharani mjini Mombasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Waislamu wa mjini hawakumfuata. Lakini Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni Mwislamu, alishirikiana naye kukusanya na kufafanua mashairi ya Muyaka bin Haji, kazi ambayo wapenzi wa Kiswahili wanafaidika nayo hadi leo. Walitofautiana katika dini, wakakutana katika lugha.

Baadaye, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, aliwajibu wamishonari kwa kalamu. Kupitia magazeti yake, Al-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya kisasa bila kuiacha dini yao. Aliyaona mahubiri kuwa changamoto, na kwa changamoto hiyo akaijenga jamii yake.

BANDARI, AJIRA NA KANISA LA 'WABARA'

Changamwe ina kisa chake. Jina hilo ni la moja ya jamii za Waswahili wanaojulikana kama Thelatha Taifa, wenyeji Waislamu wa tangu zama. Lakini reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, bandari ya Kilindini, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 viliwaleta vibarua na wafanyakazi kutoka Ukambani, Taita, Nyanza, Magharibi na Mlima Kenya.

Wengi wa watu hao walifika wakiwa wamekwisha kubatizwa. Kwao kanisa la mtaani halikuwa dini mpya. Lilikuwa mahali pa kusalimiwa kwa lugha ya mama, kupata habari za kazi, na kuchangiwa nauli ya kusafirisha maiti hadi nyumbani. Mtu anayeishi chumba cha kupanga Magongo au Chaani, mbali na ukoo wake, ana sababu ya kuitikia mwaliko wa mhubiri hata kabla hajasikia somo la siku.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyoyafanya makanisa yaonekane na baadhi ya wenyeji kuwa mali ya 'wabara'. Si siri kwamba Pwani ina malalamiko ya muda mrefu kuhusu ardhi na ajira. Likoni, maelfu ya watu waliishi miaka mingi kama maskwota katika shamba la Waitiki, hadi serikali ilipolinunua na kuanza kutoa hatimiliki mwaka 2016. Mtu aliyezaliwa katika ardhi asiyokuwa na cheti chake, akisikia kipaza sauti cha kanisa jipya kwenye kiwanja kilichouzwa jana, huenda asisikie habari ya wokovu. Husikia habari ya kiwanja.

Uhusiano huo ulidhihirika kwa uchungu Agosti 1997, wavamizi walipoanza kwa kushambulia kituo cha polisi cha feri ya Likoni, kisha wakawageukia watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakayahama makazi yao. Kanisa Katoliki la Likoni likawa kimbilio la waliofurushwa. Ghasia zile zilikuwa za kisiasa, zilizochochewa katika mwaka wa uchaguzi. Lakini ziliacha picha iliyokuwa ngumu kufutika: kanisa ni kwa wale, msikiti ni kwa hawa.

MANENO KWA MANENO

Hapana shaka kwamba kuna njia bora ya kupinga mahubiri kuliko panga. Tangu miaka ya 1980 Pwani ya Afrika Mashariki imeshuhudia mihadhara, ambapo wahubiri wa Kiislamu waliosoma Biblia walisimama hadharani kuwajibu Wakristo kwa kutumia kitabu chao wenyewe. Wahubiri kutoka Tanzania kama vile Ngariba na Kawemba walijulikana sana, na kanda za sauti na za video zikauzwa kutoka Tanga hadi Mombasa. Wakristo nao wakaandaa mihadhara yao na kuisoma Qur'ani.

Mihadhara ililaumiwa, na mara nyingine kwa haki. Lugha ya kejeli ilitumika, na mkutano uliokusudiwa kutafuta ukweli uligeuka kuwa mchezo wa kushangilia mshindi. Pamoja na hayo ilikuwa na jambo moja jema: ilimtambua msikilizaji kuwa hakimu. Kila upande ulikiri kwamba ni lazima umshawishi mtu kwa hoja.

Na msikilizaji huyo ana hekima kuliko anavyodhaniwa. Katika nyumba nyingi za Wamijikenda wa Kisauni, ndugu wa tumbo moja huwa Mkristo, Mwislamu na mfuasi wa mila. Wakati wa mazishi huketi chini ya mwembe mmoja na kupanga nani asome dua na nani aimbe. Watu hao hawajaafikiana kuhusu mbingu. Wameafikiana kwamba tofauti hiyo haitoshi kumfanya ndugu kuwa adui.

RISASI BADALA YA JIBU

Ni ustahimilivu huo uliotikiswa kati ya mwaka 2012 na 2014. Machi 31, 2012, mkutano wa injili wa hadharani huko Mtwapa, kaskazini mwa Kisauni, ulirushiwa gruneti. Agosti 27 mwaka huohuo, Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa kupigwa risasi akiwa garini na familia yake. Ghasia zilizofuata ziliyakumba makanisa, ingawa waliokuwa ndani ya makanisa hayo hawakuhusika na kifo chake. Oktoba 2013 mchungaji aliuawa ndani ya kanisa lake Kisauni, na baadhi ya wachungaji wakaitaka serikali iwape bunduki za kujilinda. Machi 2014 yakafuata mauaji ya Likoni.

Mhubiri anapodai bunduki ili aweze kuhubiri, jamii nzima imeshindwa. Hata anayekubali mahubiri katika hali hiyo hawezi kujua kama ameyapokea kwa imani au kwa sababu ya kutafuta upande wa kujikinga. Vilevile anayeyakataa huanza kushukiwa kuwa mshirika wa wauaji. Katika misako ya miaka hiyo vijana wengi Waislamu walilalamika kwamba mavazi na jina vilitosha kumtia mtu matatani.

Ni jambo la kutia moyo kwamba viongozi wa Kiislamu walilaani mashambulizi hayo waziwazi. Baraza la viongozi wa dini mbalimbali Pwani, CICC, lililozaliwa kutokana na machungu ya Likoni ya 1997, liliendelea kuwakutanisha maaskofu, maimamu, Wahindu na wazee wa mila. Kazi ya aina hiyo haipigi kelele na huonekana umuhimu wake pale tu inapokosekana.

UTIIFU USIOULIZA

Baada ya 2014, macho yote yalielekezwa kwa wale wanaoyachukia mahubiri. Shakahola ilionyesha kwamba hatari ilikuwa pia upande wa pili, miongoni mwa wanaoyapenda kupita kiasi.

Waliofia msituni hawakuwa watu wasio na akili. Walitoka sehemu mbalimbali za nchi na miongoni mwao walikuwamo wenye elimu na kazi. Wengi waliyasikia mahubiri hayo kwanza kupitia televisheni na mtandao. Hatua zilikuwa za polepole. Mwanzo waliambiwa shule ni ya shetani, na Mackenzie alikamatwa mwaka 2017 kwa sababu ya mafundisho hayo. Kisha hospitali zikakataliwa. Baadaye wakauza mali na kuhamia msituni, mbali na jamaa ambao wangeweza kuwauliza swali. Upande wa mashtaka unadai kwamba waliobadili nia walizuiwa kuondoka.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kanisa na gereza. Kanisa lenye afya lina mlango unaofunguka pande zote mbili. Mtu huingia, hukaa, huuliza, hutoka, hurudi. Mhubiri anayemkataza msikilizaji kuuliza, kwenda hospitali, kupeleka mtoto shuleni au kuwasiliana na mamake ameacha kuhubiri na ameanza kumiliki watu. Waliowahi kumilikiwa na kuja kuanza maisha mapya Freretown wangeitambua tofauti hiyo mara moja.

Serikali iliunda jopo chini ya Kasisi Mutava Musyimi mwaka 2023, na ripoti yake iliyokabidhiwa Rais William Ruto Julai 2024 ilipendekeza sheria mpya ya kusimamia mashirika ya kidini. Baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga, wakihofia kwamba serikali itaanza kuamua mahubiri yapi ni ya kweli. Hofu hiyo ina msingi. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtu uhuru wa kuabudu, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake.

Lakini kifungu hicho kina pande mbili. Kinamlinda mhubiri dhidi ya serikali, na kinamlinda msikilizaji dhidi ya mhubiri. Serikali haina kazi ya kupima mafundisho, ila ina kazi ya kuuliza maswali ya kawaida: je, watoto wako shuleni? Wagonjwa wanatibiwa? Anayetaka kuondoka anaondoka? Kama kuna kosa katika majibu, hilo ni kosa la jinai hata likiwa limefunikwa kwa kitabu kitakatifu.

KIPIMO CHA MHUBIRI

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia jinsi Paulo alivyohubiri Athene. Wengine walimdhihaki, wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine, wachache wakaamini. Wahubiri wengi hulitaja kundi la tatu kwa fahari na la kwanza kwa masikitiko. Kundi la pili husahauliwa. Lakini ng'ambo za Mombasa, hilo la pili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linaloshikilia amani.

Ni kundi la mama wa Likoni anayepokea karatasi ya mhubiri na kuikunja vizuri ndani ya leso ingawa anawahi swala ya adhuhuri. Ni la kibarua wa Changamwe anayekwenda kanisani kila Jumapili lakini anakataa kuuza cherehani ya mkewe ili 'apande mbegu'. Ni la kijana wa Kisauni anayemwambia mchungaji na ustadhi kwa heshima ileile kwamba bado anafikiri. Wahubiri humwita mtu kama huyo vuguvugu. Lakini bunduki haikumpata upande wake, na msitu haukumwita.

Kwa hiyo viongozi wa dini wanaotaka kuzuia Likoni nyingine au Shakahola nyingine wasiulize tu ni wangapi waliookoka katika mkutano. Wamtazame yule aliyekataa. Je, alitukanwa? Alilaaniwa? Jamaa zake walimtenga? Waislamu nao wajiulize vivyo hivyo kuhusu kijana wao anayetaka kusikiliza, na Wakristo kuhusu binti yao anayetaka kusilimu. Mtu akiweza kusema 'ndiyo', 'hapana' au 'ngoja kwanza', kisha akavuka feri jioni na kulala kwake kwa amani, mahubiri yamefanyika katika nchi huru. Akikosa lolote kati ya hayo matatu, mamlaka, majirani na wahubiri wenyewe wasisubiri mpaka makaburi yafukuliwe.